Fito za Arunusi

Ninyi vijana mtakaosoma haya, simu wekeni chini kwanza. Siandiki ili mnionee huruma, wala siandiki kwa sababu naijua kalamu. Nilisoma madarasa manne tu kwetu milimani, la tano likanikuta nabeba mtoto mgongoni. Naandika Kiswahili kwa sababu Kirundi hamkijui, na Kiswidi changu ni cha kununulia maziwa. Kiswahili tulikiokota kambini Kigoma, na ndicho tunachoelewana nacho kanisani na Wakongo na Wakenya. Mkiona nimekosea, sahihisheni kimoyomoyo na msonge mbele.

Habari yenyewe ni ya mti. Mnaupita kila siku. Upo kando ya lile ziwa dogo karibu na Hallonbergen, pale mnapokimbia na nyaya masikioni. Shina lake ni jeusi, majani yake ni ya mviringo na hayana ncha, kama mtu ameyakata kwa mkasi. Una vitunda vyeusi vigumu kama vya msonobari, ila vidogo kama ncha ya kidole, na havianguki hata theluji ikija. Waswidi wanauita al. Kwetu ndugu yake tulimwita arunusi.

Kwetu haukuwepo tangu zamani. Uliletwa na watu wa mradi kwa lori, miche ikiwa ndani ya vifuko vya plastiki nyeusi. Wakautaja kwa jina refu la kwenye vitabu, ndimi zetu zikalipunguza likawa arunusi. Sisi wanawake tuliuliza kama unazaa matunda, wakasema hapana. Tukauliza mkaa wake, wakasema si mkaa mzuri. Tukauliza basi mti wa nini, wakasema ni wa kuzuia udongo usikimbie. Tulicheka sana siku ile, maana tulikuwa hatujawahi kuona udongo una miguu.

Baada ya miaka michache tuliacha kucheka. Matawi yake yalitoa fito nzuri za kuegemeza maharage, yale ya kutambaa, na ukiyakata yalichipua tena. Na chini yake udongo ulikuwa mweusi. Sisi tukauita mti wa maharage. Wanaume waliolipwa na mradi waliendelea kusema arunusi, kwa sauti ya mtu anayemtaja mkwe wake tajiri. Mume wangu alikuwa mmoja wao. Alimwagilia kitalu cha miche miaka yote ya mradi, kisha akapanda mstari wa arunusi kwenye mpaka wa shamba letu kushuka mpaka bondeni. Alipanda na mtoto wetu wa kwanza, ambaye wakati huo alikuwa na kimo cha mpini wa jembe. Mtoto yule ndiye aliyefunga fito kwa kamba za mgomba, na mafundo yake yalikuwa mabaya, hayafunguki, mpaka ukate kwa kisu.

Habari ya kukimbia sitaieleza. Kila mtu ana yake na zote zinafanana. Tulikaa kambini miaka mingi. Mambo yalipotulia, yule mtoto wetu wa kwanza, ambaye sasa alikuwa mtu mzima na mke wake, alirudi mlimani kulinda shamba. Sisi tulipata nafasi ya kuja Sweden: mimi, mzee, binti yetu na mtoto wake wa kike. Mume wa binti yetu alibaki na mwanamke mwingine, na habari yake inaishia hapo.

Mzee hapa hakupata mahali pa kukaa ndani yake mwenyewe. Nasema hivyo kwa sababu sijui kusema vingine. Nyumba tulikuwa nayo, ghorofa ya nne, yenye maji ya moto. Binti alipata kazi kwenye nyumba ya wazee, mjukuu akaingia shule, mimi nikajua ratiba ya chumba cha kufulia. Mzee alikaa dirishani. Darasa la Kiswidi alikwenda, akajifunza kusema jina lake na nchi aliyotoka, na miaka miwili baadaye alikuwa bado anasema jina lake na nchi aliyotoka.

Siku moja ya Machi tulikuwa tunazunguka ziwa, sisi wawili na mjukuu. Mzee akasimama. Akashika tawi, akalivunja, akalinusa, akaniita.

“Mama, njoo uone. Nani ameileta hii huku?”

Nikamwambia hakuna aliyeileta, ni Mungu ameiweka.

“Kwa hiyo ile ya kwetu ilitoka huku?”

“Muulize yeye mwenyewe,” nikasema. “Mimi si mtu wa mradi.”

Kabla hajauliza, alitokea mwanamke wa umri wangu, amevaa suruali ya kiume yenye matope na buti za mpira. Alikuwa anachimba kwenye vishamba vile vya kukodi vilivyo juu ya njia, na alikuja kuona nani anavunja miti. Aligomba. Mjukuu, ambaye alikuwa na miaka tisa na ndiye mdomo wetu, alitafsiri kwamba hapa miti haivunjwi hovyo, kila mtu akivunja tawi moja patabaki nini. Mzee akamwambia mjukuu amjibu kwamba anaujua mti huu. Mwanamke akauliza, unaitwaje?

“Arunusi,” mzee akasema.

Yule mwanamke aliacha kugomba. Kisha akasema watu wa vitabu wanauita karibu hivyo hivyo. Akakaribia. Akaeleza kwamba Waswidi wanauita al, na huu wa ziwani hasa wanauita klibbal, kwa sababu majani yake machanga yananata. Alitafuta chipukizi, akalipasua, akalisugua kwenye vidole vya mzee, na vidole vikanata kweli. Halafu akasema kwao unaitwa leppä. Kwao ni wapi, nikauliza, maana nilimdhania Mswidi. Akasema Ufini. Aliletwa huku kwa treni akiwa mtoto mdogo, wakati wa Vita Kuu ya Pili, na kibao cha jina shingoni, na hakurudi kuishi na mama yake tena. Aliyasema hayo kama mtu anayetaja bei ya viazi. Nilimwangalia upya. Alisema kwao walikausha samaki kwa moshi wa mti huo, na kwamba mpaka leo hali samaki wa moshi mwingine.

Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa vile vishamba. Mzee aliandikishwa kwenye foleni, na zamu yetu ilipofika tukapewa kimoja, upande wa bondeni ambako wengine hawapendi kwa sababu pana majimaji. Mzee alitaka maharage ya kutambaa. Mbegu tulizipata kwa mama mmoja Mkongo. Mwenyekiti alimcheka mzee waziwazi.

“Maharage yenu yatapanda juu kabisa,” mjukuu alitafsiri, “na huko juu yatakuta baridi.”

“Mwambie yakikuta baridi yatashuka.”

Hayakushuka. Yalizaa, si kama ya kwetu, lakini yalizaa. Kila majira ya baridi wafanyakazi wa manispaa walipunguza miti pale ukingoni na kulundika matawi, na mwenyekiti aliomba kwao ruhusa ili mzee achague fito zake kabla halijabebwa lile lundo. Mti ule ukikatwa huwa mweupe, halafu baada ya muda mfupi unageuka rangi ya chungwa, kisha mwekundu. Wa kwetu ulibadilika kidogo tu. Huu unawaka. Mara ya kwanza mzee alisema mti unatoka damu. Nikamwambia hiyo si damu, abebe fito twende, miguu yangu imekufa baridi.

Alianza kukusanya majina ya mti ule kama wengine wanavyokusanya ng'ombe. Al, klibbal, leppä. Mkongo wetu alimpa la Kifaransa, akalipokea. Mturuki wa kishamba cha pili alimpa lake. Na yeye aliwafundisha wote arunusi, kwa lazima, mpaka wakasema vizuri. Mama Mkongo aliniambia kanisani, “Dada, mzee wako ameoa mti, wewe sasa ni mke mkubwa.” Nikamjibu kwamba heri mti, hauombi chai. Kilichomshangaza mzee zaidi ni kwamba vuli ikifika miti mingine yote inageuka njano na nyekundu, lakini huu unaangusha majani yake yangali mabichi. Alimwambia mwanetu kule mlimani kwa simu. Alinunua kadi ya simu kwa ajili ya habari hiyo tu. Mwanetu naye alimwambia arunusi za mpakani zipo zote isipokuwa moja aliyoichoma kuni.

Mwisho wa Februari simu iliita tukiwa jikoni. Alikuwa mke wa mwanetu. Alisema mume wake alishikwa na tumbo, wakampeleka hospitali, hakurudi. Alisema walitupigia mara nyingi, laini haikushika, na joto lilikuwa kali, wasingeweza kungoja. Mzee alinipokonya simu.

“Mmemzika wapi?”

Nilisikia sauti ya mke wa mwanetu kutoka pale nilipokuwa. Alisema, “Kwenye arunusi zako, baba. Ndipo udongo ulipokuwa laini.”

Mzee alinirudishia simu akakaa. Mimi nilikuwa nasonga ugali. Niliendelea kuusonga. Haukuungua. Tulikula, mboga haikuwa na chumvi, tukaimaliza hivyo hivyo.

Mtaniuliza nililia lini. Sikulia. Nilingoja, nikidhani kilio kiko njiani, kimecheleweshwa na theluji kama mabasi. Watu wa kanisa walikuja wakaimba, wakaleta mikate na soda, wakaondoka, nikaosha vikombe. Maji yalikuwa ya moto sana, binti akaja akafunga bomba, akanionyesha mikono yangu ilivyokuwa myekundu. Mimi nilikuwa sijui. Nilikwenda kufua siku yangu ya kufua. Nilinunua viazi. Mtu akinisalimu nilijibu salama.

Sasa sikilizeni, maana hili ndilo msilolijua. Kwetu msiba ukiingia nyumbani, jembe linawekwa. Hakuna kulima, hakuna kutia mbegu ardhini, wanaume hawanyoi. Mnakaa hivyo wiki moja. Kisha mkubwa wa ukoo anaita watu, pombe ya mtama inanywewa, anawanyoa wafiwa, anasema msiba umekwisha, anampa kila mmoja jembe, na kila mmoja analipiga ardhini hata mara moja. Hapo ndipo mnarudi kuwa watu. Mtu hajitoi mwenyewe msibani. Anatolewa.

Mzee aliweka jembe. Wiki ikapita, hakulichukua. Machi ikapita. Ndevu zilimwota nyeupe mpaka shingoni. Lundo la matawi lilikuwa ukingoni na hakwenda kuchagua fito. Alirudi kwenye kiti cha dirishani na safari hii akakigeuza, akakaa akitazama ukuta, kwa sababu dirishani unaiona miti ya ziwani.

Siku moja mjukuu alirudi kutoka shule, sasa ana miaka kumi na miwili na anajibu kila kitu kwa Kiswidi. Mezani akasema walikuwa nje na mwalimu, wakapima miti, na yeye alipata al, na alimwambia mwalimu majina yote ya babu, hata arunusi. Alitarajia kusifiwa. Mzee aliweka kijiko chini, akainuka, akaingia chumbani. Hakutoka mpaka kesho yake.

Tangu hapo binti yangu alikataza jina lile ndani ya nyumba. Tukawa tunasema “ule mti”, tukizunguka jina lake kama mke anavyozunguka jina la baba mkwe wake. Majina yote aliyokuwa ameyakusanya yakafungiwa pamoja. Mjukuu alikuwa anauliza, bibi, nimefanya nini? Nikamwambia hukufanya kitu, kula.

Binti alisema mzee ni mgonjwa. Kazini kwake wameona wengi wa namna hiyo. Alimpeleka kwa daktari, wakampa vidonge, akavimeza. Alilala zaidi. Mimi nami niliamini ni huzuni tu, na huzuni huisha au haiishi, si kitu cha kushika kwa mkono.

Mei ikaja. Mimi siku hizo nilikuwa nazunguka ziwa kwa sababu miguu ilinipeleka, si kwa sababu nilitaka kitu. Kishamba chetu nilikiona kwa mbali. Majani ya upupu wao, yale yanayowasha, yalikuwa yamefika kiunoni, na upande wa majimaji vilikuwa vimeota vimiche vya ule mti vyenyewe, vimejipanda. Vishamba vya wengine vilikuwa vyeusi na vimenyooka. Chetu kilionekana kama jino bovu. Niliona, nikapita.

Mwenyekiti alinishika njiani siku moja nikiwa na mjukuu. Hakuzungusha maneno. Alisema Jumapili ijayo wanakagua, na kishamba ambacho hakijalimwa kinapewa anayefuata kwenye foleni. Sheria hiyo ni ya wote, na yeye mwenyewe ndiye aliyeisoma kwenye mkutano, hawezi kuivunja kwa ajili ya jirani. Mjukuu alitafsiri kwa sauti ndogo. Alijua, na mimi nilijua, kwamba kishamba kikienda mzee hana mahali pengine pa kusimama katika nchi hii. Atakaa akitazama ule ukuta mpaka tumtoe amelazwa.

Nikamwambia mjukuu amweleze kwamba tumefiwa, hatulimi.

Mwenyekiti alisema amesikia, na pole. Kisha akauliza, “Mnakaa hivyo muda gani?”

“Mpaka msiba uondolewe.”

“Nani anauondoa?”

“Mkubwa wa ukoo.”

“Yuko wapi?”

Mjukuu alinitafsiria hilo, akangoja. Yule mwanamke hakuwa anabishana, alikuwa anauliza kama mtu anayetaka kujua basi linapita saa ngapi. Nilisimama pale na kikapu changu nikawatafuta kichwani wakubwa wa mume wangu mmoja mmoja, na sikumwona hata mmoja.

Mjukuu akauliza, “Bibi, nimwambie nini?”

“Mwambie Jumapili bado haijafika.”

Nilirudi nyumbani. Binti alikuwa ametoka kazini, anavua viatu. Mzee alikuwa kwenye kiti chake. Nilisimama kati yake na ukuta.

“Mzee, unamsubiri nani?”

Alinitazama kama nimemwamsha. Akasema, polepole, “Wa kunitoa.”

“Miezi mitatu?”

“Hajaja.”

Nawaambia kweli, nilikuwa nimekaa na mtu huyu tangu nikiwa msichana, na kumbe kwa miezi mitatu sikujua yuko wapi. Tulidhani amezama. Kumbe alikuwa amekaa kwa adabu, kama alivyofundishwa, akingoja mtu aje kumwambia basi. Na kila siku ilipopita bila mtu kuja, alikaa vizuri zaidi.

Nilimwambia binti alete beseni, taulo na mkasi, na ule wembe wa kunyolea wazee anaotumia kazini. Nikavuta kiti katikati ya jikoni.

“Wewe ni mke,” mzee akasema.

“Najua mimi ni nani.”

“Mke hamnyoi mume msibani.”

“Haya, mtaje wa kukunyoa. Mtaje jina nimpigie simu.”

Alimtaja kaka yake mkubwa. Nikamwambia huyo tulimzika kambini, wewe mwenyewe ulishika jeneza. Alimtaja baba yake mdogo. Nikamwambia huyo alikufa mwaka ule tuliokimbia. Alimtaja binamu mmoja, nikamwambia hatujui alipo na yeye hajui tulipo. Alitaja wengine, kila mmoja kwa jina lake kamili, na mimi nilimjibu kwa kila mmoja. Binti alisimama na taulo mkononi. Haikuwa ugomvi. Ilikuwa kama tunahesabu nguo baada ya kufua. Akafika mahali majina yakaisha. Halafu alivua kofia yake mwenyewe, akaiweka mezani, akaja akakaa.

Nilimnyoa. Ndevu zilianguka kwenye taulo, nyingi, na chini yake palikuwa na uso mdogo kuliko niliouacha Februari. Nilingoja tena kama nitasikia kitu, sikusikia kitu ila sauti ya mkasi na lifti ya nyumba ikipanda. Nilipomaliza sikuwa na pombe ya mtama. Binti alikuwa na juisi ya tufaha kwenye friji, tukainywa kwa zamu, kikombe kimoja.

“Msiba umekwisha,” nikasema. Hakuna mwanamke wa kwetu niliyewahi kumsikia akisema maneno hayo. Paa halikuanguka.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Binti alibadilishana zamu na mwenzake. Tulishuka sisi wanne na majembe mawili na uma mmoja wa kulimia. Nilimpa mzee jembe mkononi, kama inavyotakiwa, akalipiga ardhini mara moja, akasimama, akalipiga tena. Hakuacha mpaka mchana. Upupu ulimuwasha mikononi, akaifuta kwenye suruali. Vile vimiche alivizunguka na jembe bila kuving'oa.

Lundo la matawi lilikuwa bado ukingoni, limekauka, limekuwa jekundu kama kutu, nyasi zimeota katikati yake. Nilishangaa halijabebwa. Mjukuu alisema mwenyekiti ndiye aliyewazuia wafanyakazi, kila wakija na lori anawaambia lina mwenyewe. Sheria yake ilikuwa sheria, lakini lundo alilikalia kama kuku.

Mzee alifika pale akavuta tawi moja. Mjukuu hakuthubutu kumtazama.

“Babu,” akasema, kwa Kiswahili, “tuchukue zipi?”

Mzee alikohoa. “Hizi arunusi, chukua zilizonyooka. Zilizopinda tuwaachie Wafini.”

Mtoto alicheka, akaacha, kisha akacheka tena. Mimi nilibeba fito zangu. Nilisikia uzito wake begani na sikusikia kitu kingine. Ndivyo ilivyokuwa, siwezi kuwaandikia uongo kwamba moyo ulifunguka. Moyo wangu ulikaa hivyo hivyo mwaka mzima na zaidi.

Jumapili tulitoka kanisani tukaenda moja kwa moja shambani. Fito zilikuwa zimesimama, mbegu ziko chini, zimechelewa lakini ziko chini. Mwenyekiti alikuja na wenzake wawili. Walitembea kishamba kwa kishamba. Kwetu alisimama kuliko kwingine, akamtazama mzee kidevu chake kitupu, akatazama mistari.

“Anasema umezisogeza mno, babu,” mjukuu akasema. “Zinabanana.”

“Mwambie maharage yetu yanapenda jirani.”

Alipoambiwa, yule mwanamke aliguna tu, akapita, na wale wenzake wakamfuata nyuma. Hivyo ndivyo tulivyojua kwamba kishamba kimebaki.

Tulikaa juu ya ndoo zilizopinduliwa tukala viazi baridi. Binti alikuwa ameegemeza kichwa kwenye fito, amechoka. Mzee alikuwa anachambua udongo kwenye kucha. Mimi niliwatazama, wote watatu, nikaona kwamba siku moja mmoja wetu hapa ndiye atakayekuwa wa kuombolezewa, huenda mimi, na kwamba wataweka jembe chini kwa adabu nzuri niliyowafundisha, na watamngoja mtu. Nikawaambia waache kutafuna wanisikilize. Nikasema:

“Nikifa, mtakaa wiki moja. Lieni mnaoweza kulia. Wiki ikiisha msimngoje mkubwa, wala msipige simu kumtafuta. Atakayeamka wa kwanza asubuhi hiyo ndiye mkubwa, hata akiwa huyu mtoto. Awanyoe wenzake, awape majembe, mshuke huku mlime.”